Alama ya Kutoa

Kovu hili juu ya jicho langu la kushoto
ni kazi ya dada yangu Leelo
na ya jiwe la kunolea mashoka, kinuni kwa baba, Räpina,
mwaka ule mto ulipoganda kingoni tu
na maji ya katikati yakaendelea kuzungusha kila kitu.

Alirusha kokoto. Taratibu, kama anayempa kuku punje.
Jiwe lilikuwa linazunguka kama pia;
likaipokea ubavuni, likairudisha
kwa kasi ambayo mkono wa mtoto wa miaka tisa hauna.
Nikalia. Hakuniangalia.
Alikuwa anaangalia jiwe.
"Limepunguza mwendo," akasema. "Kidogo."

Sasa ana ofisi Tartu, ghorofa ya tatu,
dirisha linatazama ukuta na theluji chafu,
na hunipigia simu saa nane za usiku
kwa kuwa mimi ni mwokaji, na waokaji hawalali.

"Kuna shimo jeusi," anasema. "Linazunguka."
Nakanda unga. Namwambia endelea.
"Kiingiacho hakitoki. Hilo unalijua."
Nalijua; nimelipa kodi miaka ishirini.
"Lakini wimbi likipita kando ya ukingo,
mdundo wake ukiwa wa polepole kuliko mzunguko wa shimo,
linatoka limenenepa.
Limekopa mzunguko, na shimo ndilo linalolipa."
Kukopa harusi, nasema, kulipa matanga.
"Ndiyo. Ila hapa anayeoa ni mwingine,
na anayezikwa ni mwingine."

Kwa nadharia ya zamani faida ni ndogo:
wimbi lake, lile jepesi kuliko yote, huvuna nne kwa elfu.
Hata benki ingeona haya.
Lakini Leelo ameugusa mvutano wenyewe,
ameuongezea uga mmoja usioonekana,
kama mimi na chachu: gramu chache,
na unga wote unabadili nia.

Februari nzima alihesabu.
Tarehe kumi na tisa alinipigia analia kwa furaha:
wimbi limerudi mara tatu ya lilivyokwenda!
Siku hiyo niliunguza mikate arobaini
na wateja niliwaambia ni mtindo mpya.

Tarehe ishirini na mbili Profesa Kreegi,
mwanamke asiyewahi kumaliza kikombe cha chai,
aliweka kidole ukurasa wa kumi na saba:
hapa pamepotea alama ya kutoa.

Nne kwa elfu, basi.
Na vumbi kidogo juu yake.

Akaja kwa basi la jioni, akala supu ya kabichi,
hakusema neno mpaka bakuli likawa tupu,
kisha akauliza kama jiwe bado lipo.

Lipo. Gurudumu la maji lilioza,
lakini nililiwekea jiwe mpini wa mkono
kwa ajili ya visu vya duka.
Tulikwenda na tochi. Akalipapasa ukingo.
"Kaka, unajua kilichonichoma?
Toa mzunguko wa shimo kwenye mdundo wa wimbi.
Jibu likishuka chini ya sifuri,
kunyonya kunageuka kutoa.
Alama ileile. Nimeitafuta miaka minne,
na nilipoipata nikaiangusha sakafuni."

Kutoa ni moyo, nikasema, si utajiri.
"Shimo halina moyo."
Lina nini?
"Mwendo. Na hata huo una mwisho."

Akatoa kokoto mfuko wa koti,
nyeusi, ya barabara za Tartu,
akasimama pale niliposimama mimi zamani,
bila kujikinga uso.
"Zungusha."

Nikazungusha, mpini ukapata joto.
Sikuona kokoto ikienda wala ikirudi;
tochi ilikuwa chini, inamulika buti zetu.
Ila kabla ya kusikia chochote
nilihisi kiganjani, wazi kabisa,
jiwe likipungua.